Mlango wa babu, ng'amba na gitaa la umeme: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Napiga gitaa kwenye bendi ya hoteli hapa Malindi. Gitaa langu ni la umeme, la muundo wa Stratocaster. Si la bei kubwa, lakini sauti yake naipenda. Nimechoka nalo kufanana na magitaa yote ya dukani. Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa Lamu, na ameniachia vitu vitatu: ubao wa mlango wa mbambakofi wenye nakshi, kopo lenye kauri za baharini na kombe, na kipande cha ng'amba, yaani gamba la kasa, ukubwa wa kiganja. Nataka ule ubao uwe mwili mpya wa gitaa, ng'amba iwe bamba la mbele, na kombe nizitie njumu, yaani nizipachike ndani ya mbao, kwenye shingo. Je, sauti itaharibika? Na hii hewa ya chumvi nitaifanyaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu babu yako. Nimefurahi kwamba umeanza na vitu vilivyo nyumbani kwenu. Lakini katika hivyo vitatu, viwili hutavikata, na cha tatu tutakitia mahali tofauti kidogo na ulipopanga. Nivumilie, kwa sababu gitaa unalolitaka linawezekana kabisa, tena bila kuharibu hata kitu kimoja ambacho hakirudi.

Nianze na mlango, maana ndio ulionishtua. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kenya, ya mwaka 2006, inautaja waziwazi mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Hicho ni kitu kinacholindwa, hata kikiwa mali yako ya urithi. Hujaniambia umri wa ubao wako. Kama ulikuwa kwenye nyumba ya wazee wa babu yako, basi uwezekano ni mkubwa kwamba umevuka mwaka huo. Kabla hujaugusa na msumeno, upige picha mbele na nyuma, uwapelekee watu wa Makumbusho ya Taifa, ofisi ya Malindi au ya Lamu, wakwambie ni nini ulicho nacho. Huenda ni mfaa, ule mti wa katikati unaosimama kati ya mbao mbili za mlango. Huenda ni kipande cha kizingiti cha juu. Kwa vyovyote vile, nakshi yake imepangwa kwa urefu wa kitu kile. Ukiikata kwa umbo la gitaa, utabaki na nusu ya ua huku na robo ya mnyororo kule, na aliyeichonga hayupo wa kuimalizia.

Hata tukiiweka sheria kando, hesabu yenyewe ya gitaa inakataa. Mwili wa Stratocaster una unene wa milimita 44 au 45, na ubao wa nakshi ukishausawazisha pande zote mbili hubakiwi na unene huo. Tena mbambakofi ni mzito. Mwili wa kawaida una kilo mbili hivi. Wa mbambakofi utapita tatu kwa urahisi, na hapo hujatia shingo wala vyuma. Wewe unasimama jukwaani usiku kucha, bega lako litakuuliza.

Kinachochukulika kutoka kwenye ubao huo ni nakshi yenyewe. Weka karatasi nyembamba juu yake, ibane kwa gundi ya karatasi isiyoacha alama, kisha usugue taratibu kwa ubavu wa krayoni ya nta. Mistari yote itapanda kwenye karatasi na mti hautaguswa. Nenda nayo dukani kwa mtu wa fotokopi, aipunguze mpaka ua moja litoshe kwenye bamba la mbele la gitaa lako. Sasa una nakshi ya nyumba yenu, na unaweza kuichonga upya kwenye mti mwingine kadiri upendavyo.

Hapo ndipo ushauri wangu mkubwa unapoingia. Kila pambo unalolitaka, liweke kwenye kitu kinachofunguliwa kwa bisibisi. Stratocaster imekubarikia katika hilo kuliko gitaa lolote. Bamba la mbele, ambalo wapigaji wengi huliita pikigadi, limeshikwa kwa skrubu 11 kwenye magitaa mengi, au 8 kwenye muundo wa kwanza wa mwaka 1954. Kuna bamba la nyuma linalofunika springi. Kuna vifundo vitatu vya volyumu na toni, na ncha ya swichi. Shingo nayo imefungwa kwa skrubu nne. Ukitengeneza vipande vipya na vya zamani ukavihifadhi ndani ya boksi, gitaa haliwezi kuharibika. Usiku ambao pambo limepasuka saa moja kabla ya shoo, unarudisha plastiki na unapanda jukwaani.

Sasa sauti, maana ndilo swali lako hasa. Gitaa la umeme haliitegemei mbao kama udi au gambusi linavyoitegemea. Uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku. Sumaku imezungukwa na waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.06 hivi, mizunguko maelfu kwa maelfu, na kifaa hicho ndicho kinachoitwa pikapu. Uzi ukitikisika, uga wa sumaku unatikisika nao, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya. Huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Gitaa la umeme la kwanza lililouzwa na likashika soko, lile la Rickenbacker la mwaka 1932 lililopewa jina la utani "Frying Pan", halikuwa na mbao hata kidogo. Lilikuwa aluminiamu tupu. Karibu na mwaka 1940 mpiga gitaa wa Marekani, Les Paul, alifunga nyuzi na pikapu kwenye boriti nene la msonobari, akaongeza mbavu za gitaa pembeni ili watu wasishangae. Kwa hiyo kombe ndani ya pikigadi haitabadili sauti yako. Mafundi watabishana mpaka asubuhi juu ya mchango wa mbao za mwili. Mimi kwa masikio yangu naona nyuzi mpya, nati iliyokatwa vizuri (ule ukingo mdogo unaoshika nyuzi kabla hazijafika kwenye vifungio vya kichwani) na kimo cha pikapu vina kauli kubwa zaidi.

Yapo lakini mambo yanayoharibu sauti kweli. Chuma karibu na pikapu ni la kwanza, maana sumaku itakihisi, kwa hiyo misumari ya chuma ya mapambo usiikaribishe. Shaba haivutwi na sumaku, na visumari vidogo vya shaba kama vya masanduku ya zamani unaweza kuvitia pembezoni bila wasiwasi. Ila bamba pana la shaba ukiliweka juu ya pikapu yenyewe, mikondo ya umeme itazunguka ndani ya bamba hilo na kuzila sauti za juu. Gitaa litakuwa zito, halina kung'aa. La mwisho ni kitu chochote kilicholegea. Kauri moja isiyoshika vizuri itatetema kwa noti fulani tu, na utaitafuta kelele hiyo wiki nzima ukidhani ni spika.

Ng'amba nitasema kwa ufupi, kwa sababu halina majadiliano. Kasa wote wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na ng'amba yuko kwenye Kiambatisho cha I cha mkataba wa CITES, yaani biashara yake ya kimataifa imefungwa. Kuwa na kipande chake bila kibali ni kosa, na kusema "ni cha marehemu babu" hakukuondolei. Kipeleke kwa KWS, yaani Huduma ya Wanyamapori ya Kenya, hapo Malindi, ueleze kilivyokufikia, uwaachie. Usikibandike kwenye gitaa utakalolishika mbele ya watalii kila usiku. Mimi nimewaona kasa wakirudi pwani za Lamu kutaga, na sitasaidia kazi yoyote inayomfanya mtu mwingine akitamani kipande kama hicho.

Rangi ile ya asali na kahawia unaweza kuipata kwenye pembe ya ng'ombe, na hapa nataka nikae kidogo, maana ni kazi inayopendeza na wachache wanaifanya siku hizi. Nenda machinjioni asubuhi uchague pembe ndefu, za rangi ya kufifia, zenye mistari. Nyeusi tii waachie wengine. Ng'ombe wanaoletwa kutoka Tana River wana pembe nzuri. Ndani ya pembe mna mfupa. Iloweke kwenye ndoo ya maji, mbali na nyumba kwa ajili ya harufu, mpaka mfupa ulegee na utoke ukigongwa. Ncha ya pembe haina uwazi ndani. Ikate uiweke, tutaihitaji. Ile sehemu yenye uwazi ipasue kwa urefu upande mmoja na ichemshe mpaka moto upenye. Kisha ishike kwa koleo juu ya makaa, ukiizungusha bila kusimama, na mahali pawe na hewa. Itafika wakati utaiona inalegea na kupinda kama ngozi nene. Usingoje zaidi: ikianza kutoa malengelenge na kunuka nywele zilizoungua, imeshaharibika. Ifungue taratibu, iweke kati ya vibao viwili vya chuma ulivyovipasha moto, kaza jiriwa, na uiache humo mpaka kesho. Ukiitoa ingali na uvuguvugu, itarudi kwenye mviringo wake.

Baada ya hapo ni tupa, halafu kipande cha kioo kilichovunjika kama kikwaruzo, halafu msasa wa maji kutoka namba ya chini hadi 1000 na zaidi. Ukifika unene wa milimita moja na nusu, inyanyue mbele ya taa. Utaona mwanga unapita, na ndani yake madoa ya kahawia yametandaa kama yalivyokuwa kwa mnyama, hakuna mawili yanayofanana. Vumbi la pembe usilivute. Sugua ikiwa imelowa, na vaa barakoa.

Pikigadi nzima ya pembe sikushauri. Pembe hupanuka na kujikunja unyevu ukibadilika, na kwenye Stratocaster pikapu zote tatu zinaning'inia kwenye bamba hilo. Likijikunja, kimo cha pikapu kinahama. Isitoshe, pembe moja haitoi kipande cha urefu huo. Fanya hivi: pikigadi iwe ya mbao, na pembe itie njumu mahali pamoja tu, pale chini ya nyuzi nyembamba ambapo kidoko chako, kile kipande cha kupigia nyuzi, kinapiga na kukwaruza kila siku. Kipande cha umbo la tone la maji, urefu wa kidole. Pembe inastahimili kukwaruzwa kuliko mbao, kwa hiyo pambo litakuwa na kazi, na jicho litakwenda hapo kwanza.

Mbao ipi? Mimi ningetafuta mkomafi, mmoja wa miti ya mikoko. Watu huuona kama mti wa boriti tu, lakini kwa ukoo ni jamaa wa mkangazi, na mti wake una wekundu wa kahawia unaokolea ukipakwa mafuta. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na ukataji wake unahitaji leseni ya Huduma ya Misitu, kwa hiyo usiende kukata. Nenda kwa mafundi wa majahazi, Matondoni kwa mfano, uwaombe makapi. Kipande unachokihitaji hakizidi urefu wa mkono. Ukikosa mkomafi, mwembe wa zamani ulioanguka shambani ni mti mzuri sana. Hawaii wanatengenezea gitaa na ukulele. Ukiwa umelala chini kwa muda, ukungu huuchorea mistari myeusi ambayo hakuna fundi awezaye kuibuni. Ila uhakikishe umekauka na hauna wadudu.

Mbao nyembamba ya milimita mbili na nusu yenye matundu mengi itapasuka, hilo ni hakika. Dawa yake ni kuigawa: tabaka la juu la milimita moja na nusu, na chini yake tabaka jembamba lililogeuzwa nyuzi zake ziende upande mwingine, vyote vimegandishwa kwa epoksi na kubanwa kati ya vibao bapa. Na nakshi yako ichonge isiende chini kuliko nusu milimita. Chonga ile kona ya chini yenye nafasi, kuzunguka vifundo, na uiache sehemu iliyo kati ya pikapu wazi. Jicho linahitaji mahali pa kupumzika. Nakshi za milango ya Lamu zenyewe huacha mahali patupu.

Kabla ya yote pima jambo moja. Kama shingo yako ina freti 22, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo, ubao wa vidole unatokeza kidogo juu ya pikigadi. Ukiifanya pikigadi nene kuliko ya awali, itabanwa hapo na itaisukuma shingo. Toa ile ya plastiki, ipime unene kwa kalipa, na usiuzidi. Igeuze pia uangalie nyuma: mara nyingi kuna karatasi ya aluminiamu. Hiyo si pambo, inazuia mngurumo wa umeme. Pikigadi ya mbao haina kinga hiyo, kwa hiyo bandika karatasi ya shaba nyuma yake na ndani ya shimo la waya, na uiunganishe na waya wa ardhi kwa risasi ya kuunganishia. Kwa taa na friji za hoteli zinavyovuma, utaujua umuhimu wake usiku wa kwanza.

Sasa kombe. Kwanza nataka kujua babu alizipata wapi, ila hilo hutalijua tena. Hizo zilizomo koponi tumia. Nyingine usiokote ndani ya hifadhi za bahari. Malindi na Watamu ni hifadhi tangu mwaka 1968, na humo hata kombe tupu huachwa lilipo. Kaa mdogo analihitaji kuliko gitaa. Kama zitakupungukia, waulize akina mama wa nyumbani kama wana vifungo vya zamani vya chaza kutoka kwenye mashati na kanzu za zamani. Vimeshakatwa, vimeshasawazishwa, vina unene wa milimita moja au mbili, na vinang'aa. Gusa kifungo kwenye jino: cha chaza ni baridi na kina ukakasi. Sindano ya moto haikiyeyushi, lakini cha plastiki hutoboka.

Katika hilo hutakuwa wa kwanza. Brian May wa kundi la Queen, lile la Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alianza kujitengenezea gitaa na baba yake mwaka 1963. Shingo waliitoa kwenye mbao ya zamani ya juu ya meko, matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti, na zile nukta za kwenye shingo alizikata kutoka vifungo vya chaza vya sanduku la ushonaji la mama yake. Gitaa hilo amelipiga maisha yake yote.

Nukta hizo ndizo utakazobadili wewe pia, na usizidi hapo. Ulitaka shingo nzima iwe na njumu, lakini ubao wa vidole una milimita tano au sita tu, na chini yake inapita fimbo ya chuma inayozuia shingo isipinde. Kila shimo kubwa unalolichimba linapunguza nguvu mahali ambapo nyuzi zinavuta usiku na mchana. Nukta za plastiki zilizopo ni 10, mbili zikiwa kwenye freti ya 12, na nyingi zina kipenyo cha milimita 6 hivi. Pima zako. Ziondoe kwa drili taratibu, kata vifungo kwa msumeno mwembamba wa masonara, visawazishe viingie bila kusukumwa, na ubandike kwa epoksi uliyoichanganya na unga wa mti uleule ili ufa usionekane. Ziache zipande kidogo juu ya mbao, kisha uzishushe kwa msasa uliofungwa kwenye kibao chenye mviringo wa shingo. Freti zifunike kwa utepe kwanza.

Kusafisha kombe kuna mtego mmoja. Watu hutumia siki au ndimu, na kweli uchafu unatoka, lakini kombe ni chokaa, na asidi hula chokaa. Ule mng'ao wa juu unakwenda na uchafu. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki. Unapokata, kata ikiwa imelowa, na uso wako usiwe juu ya kazi. Vumbi la kombe kifuani si mchezo.

Kauri zina shida nyingine: zina mgongo. Ukiibandika nzima juu ya gitaa, mkono wako utaikwaruza mpaka utoke damu. Sugua mgongo wake juu ya jiwe lenye maji mpaka ufunguke na ubaki ule upande wenye meno, umelala bapa. Tatu au nne ndogo ziingie kwenye vishimo vyake pembeni mwa pikigadi, nyuma ya daraja linaloshika nyuzi, mahali ambapo mkono haupiti. Zisiwe nyingi. Gitaa lililojaa kauri linakuwa kinyago cha kuuzwa kwa wageni, na wewe unataka chombo cha kazi.

Kwa vifundo tumia ile ncha ya pembe uliyoiweka. Ni ngumu, inakubali kusokotwa kwenye drili na kusuguliwa, na vidole vinaipenda. Pima kwanza fimbo ya kontroli, ile inayoingia ndani ya kifundo: unene wake na meno yake hutofautiana kati ya gitaa na gitaa. Juu ya kila kifundo unaweza kuweka komwe, zile kete za bao. Zitoboe chini, mimina epoksi ndani ijae ili zisipasuke, kisha uzigandishe. Rangi yao ya kijivu juu ya pembe ya asali inanipendeza kuliko kitu kingine chochote nilichokutajia. Na kama unataka mbambakofi uwemo kwa heshima ya mlango, ziko mbegu zake: nyeusi, zenye kikombe chekundu. Kikombe hicho ni laini na kitaliwa na wadudu, kwa hiyo tumia ile nyeusi tu, nusu yake, iwe nukta katikati ya ua la nakshi.

Nati usiifanye ya pembe. Ni laini mno, nyuzi zitaichimba. Mfupa wa paja la ng'ombe, uliochemshwa na kuondolewa mafuta, unafaa zaidi. Na hapa ndipo utakaposikia tofauti ya sauti kwa kweli, kwa hiyo kama hujawahi kukata nati, mpe fundi.

Tumalizie na chumvi. Pwani yetu unyevu haushuki sana mwaka mzima, na mti wowote uliokauka hapa bado una maji asilimia 14 hadi 16. Kwa hiyo kausha mbao zako hapahapa, ndani ya nyumba, kabla ya kuzigandisha, ili zisije zikahama baadaye. Kisha pikigadi ifunge pande zote: mbele, nyuma na ndani ya matundu. Upande mmoja ukiuacha mtupu, utakunywa unyevu na bamba litapinda. Mafuta ya nazi yaache jikoni, yanachacha. Sifa, yale mafuta ya samaki, iache kwa majahazi, harufu yake haitoki. Wapo watakaokwambia uyeyushe sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, kama wazee, na ni kweli sandarusi ya pwani hii ilikuwa mali: katika karne ya 19 ilipita Zanzibar ikaenda hadi Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi. Lakini kuyeyuka kwake kunataka moto mkali na moshi wake unawaka. Usijaribu nyumbani. Pakaa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, tabaka jembamba, siku kadhaa kati ya moja na jingine, halafu nta ya nyuki juu. Matambara yenye mafuta ya kitani yaanike wazi au yaloweke majini. Ukiyakunja na kuyatupa pembeni, yanaweza kuwaka yenyewe.

Pembe pia ipake nta kila mara, kwa sababu kuna wadudu wanaoila kama wanavyokula ngozi. Skrubu za pikigadi zibadili ziwe za chuma kisichoshika kutu. Na baada ya kila shoo, hasa msimu wa kusi unapovuma kutoka baharini, futa nyuzi na daraja kwa kitambaa kikavu kabla ya kulirudisha gitaa kwenye mfuko wake.

Kama siku moja bendi itakupeleka nje ya nchi, beba maelezo ya kila kitu kilichomo. Mpingo na miti ya jamii yake iliingia kwenye Kiambatisho cha II cha CITES Januari 2017, na ingawa tangu Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zimelegezewa, afisa wa uwanja wa ndege anaweza kukuuliza. Mbambakofi wa Afrika nao uliingizwa kwenye mkutano wa Novemba 2022. Mkomafi, pembe ya ng'ombe na vifungo vya shati havina mashaka hayo.

Anza na pikigadi ya kadibodi. Ikate, itoboe, ifunge kwenye gitaa, uipige hivyo jioni moja, uone mkono wako unapita wapi na nakshi ikae wapi. Ukiridhika, nitumie picha yake pamoja na ile karatasi ya nakshi ya mlango, nikuoneshe mahali pa kuanzia patasi kabla hujaigusa mkomafi.